Nani Angeandika Jibu?

Hotuba hii, kuhusu kuwafundisha wanafunzi kutafuta habari mtandaoni, niliitoa Kisumu wakati wa likizo ya Agosti, mbele ya walimu wa shule za upili na wakutubi waliotoka Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na Kericho. Wengi waliokosa kufika wameniomba maneno yenyewe. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila picha za ukutani nimeziacha.

Walimu wenzangu, wakutubi, wakuu wa shule, na wazazi mlioko kwenye bodi: oyawore! Mulembe! Chamgei! Hamjambo?

Asanteni. Mmeitikia kwa lugha nne na hakuna aliyebaki nje. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Mlangoni kila mmoja wenu amepewa karatasi iliyokunjwa. Tafadhali msiikunjue bado. Iwekeni mfukoni.

Nianze na rundo la karatasi nyingine. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha historia Kidato cha Pili. Niliwapa wanafunzi kazi ya mwisho wa juma: andika ukurasa mmoja kuhusu mji wa Kisumu ulivyokuwa kabla ya mwaka 1902. Wanafunzi 46. Wengine wakaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, wengine wakaazima simu za wazazi. Jumatatu wakaleta kazi, usiku nikaanza kusahihisha. Karatasi ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa na aya ileile. Ya tatu aya ileile, tena na kosa lilelile la tahajia katika mstari wa nne. Nilipofika ya ishirini nikaweka kalamu chini.

Kesho yake niliingia darasani nimekasirika. Niliwaambia wamenakili, niliwaambia ni wavivu. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasimama, akanijibu kwa adabu lakini bila kuogopa: "Mwalimu, mimi sikuwa mvivu. Nilikaa saiba saa nzima, nikalipa shilingi 60 alizonipa mama. Kila nikibonyeza, kinakuja kilekile."

Kinakuja kilekile. Walimu wenzangu, neno hilo halijanitoka hadi leo. Mtoto alikuwa anasema kweli. Wote 46 walikuwa wameandika maneno yaleyale, historia ya Kisumu, kwa Kiingereza, na mashine ikawapa wote ukurasa uleule wa juu. Maneno yaleyale, jibu lilelile. Sasa kosa ni la nani? Kwenye maabara tunamfundisha mtoto kushika chupa ya asidi. Kwenye insha tunamfundisha kufungua aya. Lakini kuuliza? Tunasema tu, "Nenda ukatafute mtandaoni," halafu tunafunga kipindi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naam. Lakini je, tumewahi kumwonyesha huyu mtoto kitanda ni kipi?

Siku ile niliomba radhi darasani. Kisha nikafuta ubao na kuandika swali ambalo nimekuwa nikiliandika kila muhula tangu hapo: *Nani angeandika jibu, na angetumia maneno gani?*

Tukafunga vitabu. Hatukuwa na kompyuta siku ile, na nawaambia kwamba hilo lilitusaidia. Nikauliza: mwaka 1901, hapa Kisumu, nani alikuwa na kalamu na karatasi? "Mzungu!" Mzungu yupi? Wakaanza kutaja: karani wa reli, mmishonari, afisa wa serikali, daktari. Mmoja akasema mfanyabiashara wa Kihindi, na alikuwa sahihi kabisa. Haya, nikasema, yule karani wa reli akiandika barua kwa mkubwa wake Mombasa, pale juu pembeni tunapoweka anwani, ataandika yuko wapi?

Kimya. Kisha mvulana mmoja ambaye babu yake aliwahi kufanya kazi ya reli akasema polepole: "Port Florence."

Port Florence! Hilo ndilo jina ambalo watu wa reli walikipa kituo chao cha mwisho, reli ilipolifikia ziwa Desemba 1901. Nikauliza tena: na nchi? "Kenya!" darasa zima. Hapana. Hadi mwaka 1902 upande wetu huu ulihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda, na ilipofika hapa ilikuwa imeshaingia Uganda ya siku hizo. Kwa hiyo mtu anayetafuta Kisumu ya 1901 ndani ya Kenya ni kama anayetafuta barua yake kwenye sanduku la jirani aliyehamia baadaye. Je, na ghuba yetu? Sisi tunaiita Winam. Kwenye ramani zao ni Ghuba ya Kavirondo.

Juma lililofuata walirudi saiba na maneno hayo matatu. Niliwafundisha jambo moja tu la ufundi: maneno mawili yanayokwenda pamoja yafunge ndani ya alama za kunukuu, ili mashine isikuletee Florence wa Italia na bandari ya mahali pengine. Mmoja akarudi na meli ya William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Scotland, ikaunganishwa hapa na kuteremshwa ziwani mwaka 1900, kabla hata reli haijafika. Mwingine akaja na malale, ule ugonjwa ulioua watu wengi kando ya ziwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwingine akaja na picha za gati. Yule msichana wa dawati la nyuma alikuja na karatasi nne, akanieleza kwa nini mbili kati yake haziamini. Karatasi 46, na hakuna zilizofanana.

Hapa niseme jambo kuhusu hilo neno Kavirondo, maana naona wazee wawili hapa mbele wamekunja uso. Nawaelewa. Ni jina ambalo wageni walitupachika, na wazee wetu wengi walilichukia. Mwambieni mtoto wazi: neno hili ni ufunguo wa kabati la mkoloni. Utalitumia kufungulia kabati, utatoa kilicho chako, hutamwita mtu jina hilo. Kufundisha kutafuta bila kufundisha heshima ni kazi nusu, na mimi siwezi kuifanya kazi nusu.

Sasa nitoke mjini niende shambani.

Mwanafunzi mwingine, huyu anatoka upande wa Siaya, alikuwa na mradi wa kilimo. Mahindi ya bibi yake yalikuwa yanadumaa kila msimu, na katikati ya mashina kunaota maua mazuri ya zambarau. Bibi aliyaita kayongo. Wangapi hapa wanaijua kayongo? Mnaona mikono? Nusu ya ukumbi! Basi mtoto akaandika kayongo kwenye simu. Unajua alipata nini? Watu. Kayongo ni jina la watu Uganda, na simu ikamletea wafanyabiashara na wanamichezo. Watoto wengi wangeishia hapo na kuniambia, "Mwalimu, mtandaoni hakuna."

Mtandaoni hakuna! Ni mara ngapi tunaisikia sentensi hiyo? Ni mara ngapi tunaikubali?

Huyu hakuishia hapo. Alikuwa ameuzoea ule ubao wangu. Akajiuliza: nani angeandika kuhusu kayongo? Mtafiti wa kilimo. Mtafiti huyo ataandika kwa lugha gani? Kiingereza, ila akifanya utafiti Nyanza huenda akataja jina la wenyeji mara moja, pale mwanzoni. Kwa hiyo akaliweka neno la bibi pamoja na neno la Kiingereza la mahindi, na jina Nyanza. Makala ya kwanza ikafunguka, na ndani yake, baada ya kayongo, likakaa jina la kitaalamu: *Striga*.

Walimu, angalieni alichofanya. Neno moja limemvusha hadi neno la pili. Kwa *Striga* mlango ukafunguka wote. Akajua kwamba mmea ule hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi chini ya udongo na kuyanyonya kabla haujaonekana juu, na ndiyo maana bibi aling'oa na kung'oa bila kupata nafuu. Akajua kwamba mmea mmoja huangusha mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala udongoni miaka mingi zikingoja mzizi. Akajua kwamba unapenda udongo uliochoka, jambo ambalo bibi alilijua tayari bila kusoma popote.

Na dawa ikatoka karibu. Ilitoka Mbita, ng'ambo ya ghuba yetu, kwenye kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mtoto wa huku kwetu. Pale ndipo watafiti walipokuza ile njia ya vuta-sukuma: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, na majani ya nepia pembezoni mwa shamba. Desmodiamu hufukuza nondo wanaozaa viwavi wa mashina, na mizizi yake huizuia kayongo. Nepia huwavuta wadudu watoke kwenye mahindi. Tena vyote viwili ni chakula cha ng'ombe.

Lakini hadithi haijafika mwisho, na sehemu hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Makala zote zilikuwa za Kiingereza, na bibi hasomi Kiingereza. Mtoto akajiuliza tena: nani angemwandikia mkulima kuhusu *Striga* kwa Kiswahili? Tanzania! Watanzania wanaiitaje? Akatafuta *Striga* pamoja na maneno gugu na mahindi, akakutana na kiduha. Kayongo, *Striga*, kiduha: mmea mmoja, milango mitatu. Kupitia kiduha akapata maelezo ya Kiswahili yenye michoro, akayachapisha saiba, akampelekea bibi na kumsomea.

Mliniitikia kwa lugha nne asubuhi hii. Watoto wetu wanazo lugha hizo, na sisi tukiwa shuleni tunawaambia waziache langoni. Nawasihi msifanye hivyo kwenye kipindi cha utafutaji. Mtoto mwenye lugha tatu ana nafasi tatu za kubahatisha neno. Ni utajiri, tuutumie.

Vifaa vingine vya ufundi nitavipitia haraka kwa sababu mtu anaweza kuvijifunza kwa adhuhuri moja. Kistari mbele ya neno huliondoa: ukitafuta kayongo na hutaki mwanamuziki, weka kistari kisha neno muziki. Ukiandika site, nukta mbili, kisha go.ke bila kuacha nafasi, yaani site:go.ke, unapata kurasa za serikali yetu peke yake, ukiweka ac.ke, vyuo vyetu. Ukiandika filetype, nukta mbili, pdf, unapata nyaraka kamili. Basi. Viandikeni kwenye kadi, vibandikeni ukutani kwenye maktaba. Mtu akiniambia kwamba hivi ndivyo kutafuta kwenyewe, namwambia hapana, hivi ni jembe na panga. Bado hujajua shamba liko wapi.

Ila hicho cha go.ke kilitufanyia kazi kubwa mara moja. Kidato cha Tatu, somo la uraia. Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Watoto walikuwa wameikariri kama shairi. Nikawaambia, haya, itumieni. Kuna kaunti, sitaitaja, ambayo mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano ulikuwa umewekwa hadharani, kurasa mamia. Nani aliuandika? Wachumi wa kaunti. Kwa maneno gani? Si "zahanati yetu ya kule mtoni", bali jina la wadi na neno la kiofisi. Waliandika hivyo, wakaupata mstari unaotaja zahanati ya kwao na kiasi cha fedha kilichotengwa. Jumamosi ile vijana wanane walitembea kilomita sita kwenda kutazama jengo kwa macho. Mimi sikuwatuma. Waliporudi walikuwa na maswali ambayo hata mimi sikuwa nayo, na waliyaandika kwa barua kwa mwakilishi wa wadi.

Nije kwenye kuamini, kwa sababu kupata si kujua.

Wakati wa mafuriko ya masika ya 2024, picha moja ilizunguka kwenye simu: maji yamefunika nyumba hadi paa, na maneno chini yake yakisema ni Nyando. Nina wanafunzi wa Nyando. Msichana mmoja alilia bwenini usiku kucha. Simu ya mama yake haikuwa inapatikana. Asubuhi mkutubi wetu aliketi naye. Hakumwambia "usilie" wala "ni uongo." Alimwambia, "Njoo tuitazame." Wakaikuza. Kwenye kona kulikuwa na gari limezama nusu, nambari yake inaonekana. Nambari za kwetu huanza na K. Ile haikuanza na K. Kulikuwa na bango la duka, maandishi yake si ya herufi zetu. Kisha wakaiweka ile picha yenyewe kwenye utafutaji wa picha, wakaipanga kuanzia ya zamani zaidi, wakaikuta imewekwa mtandaoni miaka kadhaa nyuma, katika nchi nyingine. Mama akapatikana saa nne asubuhi, akiwa salama kwa dada yake Ahero. Walimu, mafuriko yalikuwa ya kweli, na watu wetu waliumia kweli. Ndiyo maana picha ya uongo inauma zaidi.

Tunafundishaje macho ya namna ile? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walichapisha kazi iliyonigusa sana kama mwalimu wa historia. Waliwaketisha watu 45 mbele ya tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Mojawapo ya kazi ilikuwa kulinganisha kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto vyenye majina yanayokaribiana, kimoja kikubwa chenye makumi ya maelfu ya wanachama, kingine kidogo kilichojitenga. Nani mnadhani aliyumba? Wanafunzi waliyumba. Na wanahistoria, watu wa nyaraka, wengi wao waliyumba pia! Walisoma ukurasa kwa makini kutoka juu hadi chini, wakavutiwa na nembo na lugha safi. Wahakiki walifanya kinyume. Waliuacha ukurasa upesi, wakafungua kurasa nyingine pembeni, wakauliza: wengine wanasemaje kuhusu hawa?

Ndivyo tunavyofanya kijijini, sivyo? Mgeni akija kuomba shamba la kukodi, humwulizi yeye peke yake kama ni mtu mwema. Unauliza alikotoka. Kwa miaka ishirini nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu, "Someni ukurasa kwa makini." Siku hizi nawaambia: utoke kwanza, uulize majirani, ndipo urudi usome.

Najua mnataka kuniuliza kuhusu akili unde, hii ambayo mtoto anaiuliza swali na inamwandikia insha. Sitakaa sana hapo. Shida yangu nayo ni ileile ya zile karatasi 46: inatoa aya laini, na mara nyingi mtoto hajui imetoka wapi. Lakini ipo namna moja ambayo mimi huitumia na wanafunzi. Tusiiombe jibu, tuiombe maneno. "Wataalamu wanauitaje mmea wenye maua ya zambarau unaonyonya mizizi ya mahindi?" Ikitaja *Striga*, vizuri, sasa mtoto anakwenda mwenyewe kuhakikisha. Ikikosea, kosa litajulikana upesi.

Na pale ambapo kweli hakuna? Kwa sababu kuna siku utatafuta kwa lugha zote nne, kwa majina ya zamani na mapya, na hutapata. Namna wanawake wa Dunga walivyokuwa wakikausha samaki kabla ya barafu kuja. Jina la mto mdogo unaopita nyuma ya shule yako. Swali letu linafanya kazi hata hapo: nani angeandika jibu? Hakuna aliyeandika. Basi nani analijua? Mtoto afunge simu, achukue daftari, aende akamwamkie nyanya yake na kuketi. Aandike tarehe, jina la mahali, na maneno kama yalivyosemwa. Nina masanduku mawili ya madaftari hayo maktabani, na mwaka huu tumeanza kuyapiga chapa.

Sasa, kunjueni zile karatasi.

Kila karatasi ina swali moja, kama lilivyoandikwa na mwanafunzi wa shule yangu, makosa na yote. Simu zibaki mfukoni. Upande wa nyuma andika watu watatu ambao kazi yao au maisha yao yangewafanya waandike jibu la swali hilo. Chini ya kila mtu, weka maneno mawili ambayo yeye angeyatumia na mwanafunzi hangeyajua. Mna dakika 15, na mnaweza kumwuliza jirani kwa lugha yoyote.

Mwalimu wa Vihiga hapo mbele, naona lako ni lile la kwa nini maji ya Ziwa Nakuru yamepanda hadi kumeza barabara ya ndani ya mbuga. Nani yuko pale kila siku akiyatazama hayo maji? Anza na huyo.